Mawe ya Chihembe

Obedi Ndahani alikuwa na hila zake za kuficha kwamba haoni, na kumkamata haikuwa rahisi. Ukimpa karatasi aliishika mbali, akakunja uso, kisha akakurudishia: "Nisomee wewe mwanangu, huu mwandiko wa siku hizi umelewa." Ukimpungia mkono kutoka ng'ambo ya uwanja, yeye alikuwa amekwisha kukupungia, maana alipunga kila aliposikia nyayo. Njia za shule alizijua kwa hatua: arobaini na mbili kutoka stoo hadi ofisi ya mkuu, kumi na saba kutoka ofisini hadi kengele. Wanafunzi walidhani mzee ana maringo, walimu wakadhani uzee umempa upole. Mkewe, Dorkasi, peke yake ndiye aliyejua ukweli, na alikuwa amechoka kuujua peke yake.

Ugonjwa wenyewe ni presha ya macho. Daktari aliyekuja na kambi ya macho alimwambia bila kumzungusha: kilichokwisha kwenda hakirudi, kilichobaki tutakiombea kikae. Obedi akashukuru, akachukua dawa ya matone, akarudi kazini kama mtu aliyetoka kunyoa. Alikuwa bado na kitundu kidogo cha nuru katikati ya jicho la kulia. Kwa kitundu hicho aliona geti, miti, na rangi za mavazi, lakini maandishi yalikuwa yamemtoka kabisa.

Utauliza, kwa nini afiche? Kwa sababu ya Sila. Sila alikuwa mlinzi wa mchana wa shule ile, mtu mwema, na macho yake yalianza kufa kabla ya ya Obedi. Siku moja akalipigia saluti tangi la maji akidhani ni ofisa wa elimu. Shule nzima ilicheka mpaka ikashika mbavu, na Obedi alicheka pamoja nao. Mwisho wa mwezi Sila hakupewa mkataba mwingine, akaondoka na fimbo yake na kofia ya shule ambayo hakuna aliyekumbuka kumdai. Tangu hapo Obedi hakucheka tena kwa jambo la macho.

Yeye alikuwa fundi wa shule, kazi iliyoanza mwaka elfu moja mia tisa tisini na nane, na maana yake ni kila kitu: madawati, vitasa, mabomba, chokaa, kengele. Shule iko magharibi ya mji, ukishapita Zuzu, mahali ambapo upepo wa mwezi wa nane hukujaza vumbi hadi kwenye meno. Mkuu wake wa kwanza, Mwalimu Bartolomayo, Mungu amrehemu, aliwagawa wanafunzi katika nyumba nne. Si nyumba za kulala. Ni makundi ya kushindania usafi, mpira na mitihani, wenyewe wanaita hausi. Shule nyingine huzipa nyumba zao majina ya mashujaa na milima ya mbali, lakini Bartolomayo alisema mtoto aanze na kile anachokiona akifungua dirisha. Basi zikawa Mlimwa, kwa mlima ule wa mjini. Hombolo, kwa bwawa. Bahi, kwa mbuga. Na Chihembe, kwa kilima cha mawe kilichosimama nyuma ya shule, mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Halafu akaongeza desturi. Kila Januari, kidato cha kwanza walikwenda mahali pa nyumba yao, na kila mmoja alirudi na jiwe lake, akaandika jina lake na mwaka kwa rangi ya mafuta, na mawe yakapangwa kuwa ukuta mfupi kwenye uwanja wa mstarini, kila nyumba na upande wake. Bahi walipata tabu, maana kule hakuna mawe, kuna tope. Mwaka wa kwanza walirudi na mabonge ya udongo, mvua ikanyesha wiki ile ile, na majina ya watoto thelathini yakaenda na maji. Waliitwa Nyumba ya Matope kwa miaka mingi, hata baada ya kuruhusiwa kutumia matofali ya kuchoma.

Obedi ndiye aliyekoroga rangi na kugawa brashi. Ndiye pia aliyepita kila mwaka kabla ya wageni kufika, kuyafufua majina yaliyopauka kwa jua. Hivyo aliwajua wote, waliofaulu na waliofeli, na waliooa dada za wenzao. Mtu akirudi shuleni na kitambi chake na funguo za gari, Obedi alimpeleka moja kwa moja hadi kwenye jiwe lake.

Mwaka elfu mbili na kumi na moja akaingia Anna, mtoto wao mmoja tu, aliyepatikana baada ya Obedi na Dorkasi kungoja miaka tisa na kusemwa mwaka hadi mwaka. Akapangiwa Chihembe. Kutoka kilimani alibeba jiwe jekundu kama yote ya kilima kile, pana, akawakatalia wavulana wasimsaidie. Alipopewa brashi akaanza kwa herufi kubwa za kujidai, A, N, N, A, na kufika hapo jiwe likawa limejaa kutoka ukingo hadi ukingo.

"Baba, jiwe limekwisha, jina bado," akasema, brashi juu, rangi ikimtiririkia kwenye kiwiko.

Obedi alicheka sana. "Basi acha hivyo hivyo. Utamalizia ukifika kidato cha nne."

Hakufika. Mwezi wa nane wa mwaka elfu mbili na kumi na tatu homa ya uti wa mgongo ilimchukua kwa siku tatu, akiwa kidato cha tatu. Wakamzika chini ya kilima cha Chihembe, walipozikwa akina Ndahani wote. Dorkasi hakukanyaga tena pale shuleni. Hakutaka kuona watoto wa watu waliovaa sketi ile ile. Lile jiwe hakuwahi kuliona hata siku moja. Alilisikia tu kwa mumewe, kwamba Anna ameandika jina lake kwenye jiwe, na yeye hakuuliza ameandika nini na nini. Obedi kila Januari alianza na jiwe lile kabla ya mengine yote. Alifuata mistari ya mtoto kama ilivyo, hata N ya pili iliyopinda. Brashi ilikuwa mkononi na rangi ilikuwepo, lakini hakuongeza hata nukta, kwa kuwa kumalizia halikuwa jambo lake.

Kisha mji ukaanza kujengwa kweli kweli, na mji unaojengwa hula mawe. Ikaja mashine ya kusaga kokoto ikafungwa kilimani Chihembe. Kila siku saa sita mlipuko, vioo vya madarasa vikilia, na kilima kikapungua begani, kikapungua kiunoni. Makaburi yakahamishwa kwa heshima zote, mchungaji akiwepo, hadi kwenye makaburi ya pamoja, na kila kaburi likapewa kibati chenye namba. Anna akawa namba thelathini na moja. Miezi minne baadaye wauza vyuma chakavu walipita wakang'oa vibati vyote. Leo Dorkasi akienda kupalilia, anapalilia makaburi matatu yaliyo jirani, kwa sababu hajui lipi ni la Anna, na akiulizwa husema ni kazi ndogo tu.

Kwa hiyo mahali pekee duniani ambapo jina la Anna lilikuwa limeandikwa, na kwa mkono wake mwenyewe, palikuwa ukutani pale shuleni, upande wa Chihembe. Hilo Obedi alilijua vizuri kuliko sala zake.

Mwaka juzi ukachimbwa mtaro wa bomba la maji ukapita uwanjani. Ukuta wa Chihembe ukabomolewa, na bomba lilipofukiwa wanafunzi wakaupanga upya, kila jiwe lilipoangukia. Wakati huo macho ya Obedi yalikuwa yamekwisha kumwaga majina. Alikaa siku mbili bila kusema, akizungukazunguka ukuta kama anakagua kazi. Siku ya tatu akamsikia msichana anapita na ufagio.

"Mwanangu, jiwe la Anna mmeliweka wapi?"

"Hili hapa mzee, chini ya mlingoti wa bendera!" msichana akajibu, akafurahi kujua.

Obedi hakumuuliza, Anna yupi? Katika shule ya Wagogo, ambako karibu kila familia ya Kanisa ina Anna wake, hilo ndilo swali la kuuliza. Lakini mtu aliyeandika majina yale kwa miaka zaidi ya ishirini anaulizaje? Kuuliza ni kukiri. Akaweka kiganja juu ya jiwe. Vidole vyake vilikuwa vimekaa na saruji na chokaa muda mrefu mno, havikumwambia kitu zaidi ya kwamba jiwe ni la moto. Tangu hapo kila asubuhi, akienda kupiga kengele, aliligusa akalisalimu kwa Kigogo, kwa sauti ya chini, "Mbukwa, Anna." Kupaka rangi aliacha. Alimwambia mkuu kwamba rangi za siku hizi ni maji matupu, bora kungoja iliyo nzuri.

Mwaka huu, Jumatatu moja ya mwezi wa tisa, mkuu wa shule, Mwalimu Elieth, akawakusanya wafanyakazi. Elieth si mtu mbaya. Ana haraka tu, na ana shule ya watu mia tisa isiyo na bwalo. Akasema fedha za bwalo zimetoka, uwanja wa mstarini ndio utakaojengwa, na mawe yale ya nyumba yatatosha sehemu kubwa ya msingi. Ijumaa lori litayasomba hadi kwenye mashine, yakapasuliwe yalingane.

"Na nyumba zetu?" akauliza Shaaban, mwalimu wa historia.

"Tunakwenda na rangi. Nyekundu, bluu, kijani, njano. Very simple. Jamani, Chihembe yenyewe iko wapi? Juzi mzazi mmoja kaniuliza, nikamwonyesha shimo."

Watu wakacheka. Obedi akasimama mahali alipokuwa amekaa. "Mkuu, naomba jiwe moja."

"Chukua hata kumi, mzee wangu."

"Moja linatosha."

Basi jambo lilikuwa rahisi, na lingeendelea kuwa rahisi, kama si Shaaban. Huyu Shaaban ni kijana wa mjini, wa zile familia za Kiislamu ambazo babu zao walikuja na misafara wakafungua maduka, na ana ugonjwa wa kutopenda kitu kitupwe. Jumanne alasiri akamfuata Obedi stoo, daftari jipya mkononi.

"Shikamoo mzee Obedi."

"Marahaba."

"Yale majina yatapotea. Miaka yote ile, mzee! Nipe alasiri moja tu. Mengi yamepauka, mimi siyasomi, lakini wewe unayajua. Wewe usome, mimi niandike. Jiwe kwa jiwe."

Hapo mlango ulikuwa wazi. Obedi aliusikia ulivyo wazi. Angesema maneno matatu tu, "Mwanangu, sioni tena," na Shaaban asingemcheka, maana si mtu wa kucheka. Wangekwenda wote wawili, kijana akisoma herufi zilizobaki na mzee akimalizia majina kwa kumbukumbu, na kabla ya magharibi wangefika kwenye jiwe jekundu lenye neno moja tu. Lakini Obedi aliliona tangi la maji. Alimwona Sila amesimama mbele yake, mkono kwenye paji la uso. Mkataba wake ulikuwa unaisha Desemba.

"Mawe si rejesta," akasema, na akajisikia anasema kwa ukali. "Waacheni wapumzike. Kila kitu nyie mnataka kuandika."

Shaaban akafunika kalamu yake. "Samahani, mzee wangu." Akaondoka na daftari lake. Jumatano alijaribu peke yake, akapata majina hamsini na kitu katika ukuta wa Mlimwa, kisha akapangiwa kusimamia mitihani, na huo ukawa mwisho wa daftari.

Alhamisi jioni Dorkasi alikuwa anapeta uwele uani. Obedi akamweleza habari ya daftari, akaieleza kama kichekesho. Dorkasi hakucheka.

"Ungemwambia yule mwalimu, Baba Anna."

"Nitamwambia Desemba ikipita."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Kifo kilishapita hapa," akasema Obedi. "Kilimkosa mwenye maradhi." Dorkasi akashika ungo wake akaendelea kupeta.

Ijumaa lori lilifika saa nne. Obedi alikuwa amewahi, amesimama chini ya mlingoti, mkono juu ya jiwe, baiskeli ubavuni. Shaaban akaja bila kuitwa, akalinyanyua, akalifunga kwenye keria kwa mpira wa tairi.

"Anna," Shaaban akasoma, akifuta vumbi kwa kidole. "Ndilo hili, mzee?"

"Ndilo."

Dereva akapiga honi, wapakiaji wakapiga kelele watu wapishe njia, na Shaaban akaukaza mpira bila kuuliza zaidi. Kisha kazi ikaanza. Jiwe juu ya bati, jiwe juu ya jiwe. Obedi alibaki kusikiliza mpaka ukuta wa Chihembe ukaisha wote, akiwakumbuka kwa mpangilio wao wa zamani, kabla ya mtaro: Ebenezer, Nasri, Salwa, yule Zuleha aliyekuwa akikimbia kuliko wavulana. Moyo ulimuuma kwa ajili yao. Lakini chini ya uchungu kulikuwa na kitu kingine, na tusifiche, kilikuwa furaha. Wake alikuwa salama kwenye keria.

Aliikokota baiskeli kandokando ya reli hadi nyumbani, polepole, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine nyuma. Miaka kumi na moja hakuwa amempelekea mkewe kitu chochote cha mtoto wao. Alipofika uani aliita kabla hajafungua geti.

"Mama Anna! Nimemleta."

Dorkasi akatoka jikoni. Akasaidia kufungua mpira, wakalishusha jiwe wote wawili, wakaliweka juu ya kigoda. Obedi akasikia kanga ikifuta vumbi, mara moja, mara mbili, kisha kanga ikasimama.

"Rangi imebaki?" akauliza.

"Imebaki."

"Soma."

Dorkasi hakusoma. Kuku alipita kati yao, akaparura, akaenda zake. Huko barabarani pikipiki ilikuja mpaka karibu, ikapita, ikapotea kabisa.

"Soma basi, Mama Anna. Nataka kusikia."

Akasikia mkewe akivuta pumzi. Kisha akasoma, taratibu na kwa sauti iliyonyooka, kama anavyosoma somo kanisani Jumapili ya zamu yake.

"Anna Obedi Ndahani. Elfu mbili na kumi na moja."

Obedi akaisikia sauti ya Anna mwenyewe. Jiwe limekwisha, jina bado. Herufi nne, kutoka ukingo hadi ukingo, na hata mwaka haukupata pa kukaa. Kilichoandikwa kwenye jiwe hili hakukijua, labda ni Anna mwingine, wa kule Chilonwa, labda Anna wa nani, mwanamke mzima sasa, yuko mahali anapika. Alilojua ni kwamba mkewe amesoma kisichokuwepo. Jiwe la mtoto wao lilikuwa ndani ya lori, na yeye mwenyewe alilisikia likitupwa, mojawapo ya zile sauti, na hakuitofautisha na nyingine. Saa hiyo lilikuwa limekwisha kufika kwenye mashine. Alikuwa ameokoa mkataba wa mwaka mmoja.

Akashika tandiko la baiskeli. Angeweza kusema. Angeweza kupiga kelele, na haki angekuwa nayo. Lakini alisikia jinsi mkewe anavyopumua, amesimama na kanga yake, akingoja kuona kama uongo wake umeshika, na akafahamu kwamba ameusema kwa sauti iliyonyooka hivyo kwa sababu amekaa na kipofu miaka mingi.

"Kumbe alimalizia," akasema.

"Alimalizia," akajibu Dorkasi.

Wakaliweka jiwe karibu na mlango, upande wa kulia, lisiloweshwe na maji ya mapaa. Asubuhi yake Obedi alitoka kwenda kazini kama kawaida. Aliinama akaligusa.

"Mbukwa," akasema, na jina hakulitaja.